Shajara ya mradi: najiandaa na usaili wa senia injinia

Jumatatu

Rikruta (mtu wa kampuni anayetafuta waajiriwa) kapiga leo, tumeongea kama nusu saa hivi, kampuni kubwa ya teknolojia na nafasi ni ya senia. Nimemwambia naingia kwenye mchakato ila naomba wiki kadhaa za kujiandaa kwanza, akasema hamna shida kabisa. (Watu wengi wanaogopa kuomba muda, wakati rikruta mwenyewe anataka upite, ukifeli na yeye hajapata kitu.) Kwahiyo nafungua hii shajara niwe naandika kilichofanyika na kilichobaki, manake nikikiacha kichwani ntakuja kuhesabu kama kazi hata ile siku niliyoshinda naangalia video za watu wengine wakitatua maswali.

Mchakato ulivyo: usaili mmoja wa kodi (yaani kuandika programu) kwa video, dakika 45 mpaka 60, ukipita unaingia raundi kubwa yenye saili nne mpaka sita za kodi, usanifu wa mifumo (kuchora mfumo mzima unavyojengwa), na ile ya tabia na uzoefu wa kazi. Kampuni kubwa zote zinafanana kwa hili, zinatofautiana vionjo tu. Amazon wana kanuni zao za uongozi, ziko 16 tangu 2021, wasaili wanagawana nani aulizie zipi, alafu anakuwepo na yule wanayemwita Bar Raiser, mtu wa nje ya timu inayoajiri, kazi yake kuangalia kiwango kisishuke. Google kwa miaka mingi wamekuwa wakipeleka faili lako kwenye kamati ya ajira, yaani watu ambao hawajawahi kukuona wanakaa wanasoma walichoandika wasaili.

Hili la kamati ndo limenikaa kichwani jioni yote. Hata kampuni isiyo na kamati, msaili anaandika maelezo na wenzake wanayasoma. Kama uamuzi unapita kwenye maandishi ya mtu mwingine basi nilichokifikiria bila kukitamka hakipo. Nikichagua foleni (kazi zinapangwa zinasubiri zamu) badala ya kuita sava moja kwa moja, na sababu ninayo, na sababu ni nzuri, lakini nikanyamaza, kwenye karatasi inaandikwa tu "alichagua foleni". Kwahiyo mradi wangu mie sio kujua vitu vingi zaidi. Vingi navijua, nimevifanya kazini. Mradi ni kusema maamuzi na gharama zake kwa sauti, saa inatembea, mbele ya mtu nisiyemjua.

Jumanne

Lugha: Python. Kazini ni Java asubuhi mpaka jioni ila kwenye dakika 40 sitaki kupoteza muda kutangaza aina za vigeu. Kuna mitego yake midogo, mfano heapq, maktaba yake ya kutoa vitu kwa ukubwa, kawaida inatoa kidogo kwanza, nikitaka kikubwa kwanza nageuza namba kuwa hasi wakati wa kuingiza na kuigeuza tena wakati wa kutoa, na hilo nalitamka hapohapo kabla msaili hajaanza kushangaa alama za hasi zimetoka wapi.

Maswali ya LeetCode (tovuti ya mazoezi ya saili za kodi) siendi kwa wingi. Naona watu wanajisifia mamia kwa mamia na sijui wanajiandaa na usaili au na mashindano. Nimegawa kwa mitindo ya kutatua: hashimapu (kutafuta kitu kwa ufunguo wake), viashiria viwili, dirisha linaloteleza, staki, bainari sechi (kutafuta kwa kukata nusu kila mara), miti, grafu kwa BFS na DFS (kutembea kwa upana au kwa kina), hipu, vipindi vinavyogongana, kuunganisha makundi, kupanga kazi zinazotegemeana, na DP (kujenga jibu kutoka majibu ya vipande vidogo). Kila mtindo naufanya mpaka niweze kueleza kwanini ndo huo na sio mwingine. DP nimeiweka mwisho na muda wake ni mdogo, watu wanaiogopa kuliko inavyostahili, ukishaweza kusema hali ni nini na inatokana na hali zipi za nyuma yake, kinachobaki ni lupu, yaani kurudia hatua zilezile.

Utaratibu kwa kila swali, hata la kitoto: narudia swali kwa maneno yangu, nauliza ukubwa wa data, nasema njia ya kijinga na gharama yake, nasema njia bora, ndo naanza kuandika. Swali la ukubwa watu wanaliruka wakati lenyewe linakupa nusu ya jibu. Ukiambiwa orodha ina vitu 100,000, njia ya lupu ndani ya lupu ni hatua bilioni 10, isahau. Ukipanga kwanza ni kama milioni 1.7, inapita bila shida. Hapo hujaandika hata mstari mmoja na tayari una kitu cha kusema.

Jumamosi

Bainari sechi siku nzima. Inaonekana ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lakini ndo inaua watu, moja zaidi au moja pungufu na lupu haiishi. Nimechagua umbo moja tu la kuandika, lile la kutafuta nafasi ya kwanza ambapo sharti linakuwa kweli, chini na juu, juu haihesabiki ndani. Maswali mengi yanakunjika yakaingia humo, hata yale yasiyo na orodha yoyote, kama kutafuta kasi ndogo kabisa ya kumaliza kazi ndani ya muda fulani. Unauliza tu: kasi hii inatosha? Hapana hapana hapana ndio ndio ndio. Natafuta ile ndio ya kwanza.

Kisa ninachokipenda hapa ni cha Joshua Bloch, mmoja wa walioandika maktaba za Java, aliandika mwaka 2006 kwamba bainari sechi iliyokuwa ndani ya Java yenyewe ilikuwa na bagi (kosa) imekaa miaka, kwenye ule mstari wa kutafuta katikati. Chini jumlisha juu, gawa kwa mbili. Jumla ikivuka 2,147,483,647, kikomo cha namba ya int ya Java, namba inapinduka inakuwa hasi, na programu inaanguka. Dawa yake ni chini jumlisha nusu ya tofauti. Kwenye Python namba hazipinduki kwahiyo huhitaji, ila nikiandika najisemesha: "hapa Python haina shida hii, ingekuwa Java ningeandika hivi". Inachukua sekunde tano kutamka na inamwonyesha msaili kwamba umewahi kukaa na kodi inayoishi prodakshoni, yaani inayotumiwa na wateja wa kweli.

Jumanne

LRU kashe (hifadhi ya muda ya kusoma haraka), bila kuruhusiwa kuendesha kodi. Usaili mwingi unafanyika kwenye kihariri ambacho hakiendeshi kodi yoyote, na Meta wamejulikana kwa maswali mawili ndani ya kipindi kimoja cha dakika 45, kwahiyo kutegemea kubonyeza kitufe cha kuendesha ili kujua kama uko sawa ni tabia ya kuiacha mapema.

Swali lenyewe: kashe yenye nafasi chache, ikijaa inatupa kile ambacho hakijaguswa muda mrefu kuliko vyote, na kusoma na kuandika vyote viwe O(1), yaani muda uleule hata kashe ikiwa kubwa. Hashimapu peke yake haijui mpangilio, orodha peke yake haijui kutafuta, kwahiyo unaziweka pamoja: hashimapu inaelekeza kwenye nodi, nodi ziko kwenye orodha yenye viungo pande mbili. Python ina OrderedDict inayofanya haya kwa mistari michache, nimezoea kumwambia msaili ipo na kumuuliza kama anataka niitumie au nijenge mwenyewe. Karibu wote watasema jenga.

Kilichonisaidia ni nodi mbili za uongo, moja kichwani moja mkiani, ambazo hazibebi data. Ukiziweka, kuondoa nodi kunakuwa mistari miwili kila mara na hamna "kama hii ndo ya kwanza" wala "kama hii ndo ya mwisho". Alafu nikafuatilia kwa mkono, nafasi mbili: weka A, weka B, soma A, weka C. Anatoka nani? B, maana A kaguswa. Na hapa kuna kitu kidogo cha kuangalia, unapomtupa B kwenye orodha lazima umfute na kwenye hashimapu, kwahiyo nodi lazima ibebe ufunguo wake, sio thamani tu. Bila ufunguo ndani ya nodi umeshika kitu unachotaka kukifuta na hujui jina lake.

Baada ya hapo nikajiuliza maswali ambayo msaili wa leveli ya senia ataendelea nayo: nyuzi nyingi (sehemu za programu zinazokwenda kwa wakati mmoja) zikiingia kwa pamoja? Kufuli moja kubwa inatosha kuanzia, ila kumbuka hapa hata kusoma kunabadilisha mpangilio, kwahiyo kufuli ya kuruhusu wasomaji wengi kwa pamoja haikusaidii kama ulivyodhani. Ndo aina ya kitu ninachotaka kiandikwe kwenye karatasi ya msaili.

Alhamisi

Hamna kitu leo. Kazini kulikuwa na moto.

Ijumaa usiku

Nimeanza usanifu wa mifumo, na nimeanza na hesabu za haraka maana hapo ndo naona watu wanarusha namba hewani alafu hawazitumii. Siku ina sekunde 86,400, kwa usaili ni 100,000, hamna atakayekulaumu. Watumiaji milioni 50 kwa siku, kila mmoja notifikesheni 4, hiyo ni milioni 200, gawa kwa 100,000 unapata 2,000 kwa sekunde, zidisha kwa tano kwa saa za kilele, 10,000. Kila rekodi baiti 500, ni GB 100 kwa siku, mwaka mzima kama TB 36.

Sawa, sasa namba hizo zinasema nini? Zikikaa tu ubaoni ni mapambo. Zinasema kuandika 10,000 kwa sekunde kwenye databesi moja ya kawaida ni kujitafutia presha, kwahiyo foleni katikati, na zinasema data ya mwaka haikai mashine moja kwa raha, kwahiyo tuamue inagawanywa kwa ufunguo gani na ya zamani inahamia wapi. Namba isiyobadilisha uamuzi wowote nimeamua siitamki kabisa.

Nyingine za kukaa nazo kichwani: kusoma kwenye RAM ni kama nanosekunde 100, kwenda na kurudi ndani ya kituo kimoja cha data ni karibu nusu milisekunde, kwenda na kurudi kati ya California na Uholanzi ni kama milisekunde 150. Upatikanaji wa 99.9% ni kuzima kama saa 8 na dakika 45 kwa mwaka, ukiongeza tisa moja zinabaki dakika kama 53 tu. Mtu akikwambia anataka 99.99% mwulize nani anaamka usiku.

Jumapili

Usaili wa mazoezi na jamaa yangu ambaye kazini kwake ni msaili, kaniambia hatonionea huruma na kweli hakunionea. Swali: mfumo wa kutuma notifikesheni, SMS, barua pepe na simu za mkononi. Nikachora: rikwesti inaingia, inaandikwa, inaingia foleni, wafanyakazi (programu za nyuma, sio watu) wanachukua wanatuma kwa watoa huduma wa nje. Hesabu nikasema. Mpaka hapo kila mtu anafika.

Akaniangalia kachoro akasema, "Sawa kaka. Mfanyakazi katuma SMS, mtoa huduma kaipokea, mfanyakazi kafa kabla hajaiambia foleni kwamba kamaliza. Nini kinatokea?"

"Foleni itampa mwingine, itatumwa tena."

"Kwahiyo mteja kapata mara mbili meseji ya 'umelipwa'."

"Ndio. Kwa mpango huu ndio."

"Unaishi na hilo?"

Hapa ndo penyewe. Kuna mtu atajibu haraka kwamba anatumia foleni yenye uhakika wa mara moja tu, na msaili mzuri atamchinja, maana uhakika huo unaishia pale foleni inapoishia, mtoa huduma wa SMS yuko nje ya ukuta wako. Nikamwambia tutenganishe: meseji za matangazo, ikienda mara mbili ni kero tu, na ikipotea sio msiba, siongezi gharama. Meseji za pesa, kila moja inapata kitambulisho chake tangu inapoingia, mfanyakazi kabla ya kutuma anaandika kwamba ameianza, na kama mtoa huduma anapokea ufunguo wa kuzuia marudio tunampa kitambulisho hichohicho. Kama hapokei, basi kuna upenyo mdogo unabaki na tunachagua: kurudia na kuhatarisha meseji mbili, au kutorudia na kuhatarisha meseji isifike. Mie nachagua kurudia, kwa meseji ya pesa mtu kukosa taarifa ni kubaya zaidi.

Akaandika muda mrefu. Alafu akasema ile sentensi ya mwisho, ya nachagua hivi kwa sababu hii, ndo anayoitafutaga kwa senia, injinia wa kawaida anamwachia msaili achague. Kaniambia pia nilikaa sana kwenye muundo wa jedwali la databesi, dakika karibu kumi ambazo hakuna aliyeniuliza, na sikugusia nitajuaje kama mfumo unaumwa: urefu wa foleni, umri wa meseji kongwe kuliko zote, kiwango cha kufeli kwa kila mtoa huduma. Umri wa meseji kongwe ni kipimo kizuri kuliko urefu, foleni ndefu inayokimbia haina shida.

Jumatano

Kizuizi cha rikwesti, yaani kuzuia mtu asitume maombi mengi kupita kiasi. Njia rahisi, hesabu kwa dakika, mtu anaruhusiwa 100. Shida yake inaonekana mpakani: anatuma 100 sekunde ya 59, saa inageuka, anatuma 100 nyingine sekunde ya kwanza ya dakika inayofuata, 200 ndani ya sekunde mbili na wewe unajiona umezuia. Ndoo ya tokeni inaruhusu mlipuko mdogo wa makusudi alafu inabana taratibu, na inahitaji kukumbuka vitu viwili tu kwa kila mtumiaji, tokeni zilizobaki na mara ya mwisho kujazwa. Kwenye Redis (databesi ya haraka inayokaa kwenye RAM) kusoma na kuandika kufanyike kwa hatua moja isiyokatika, skripti ya Lua (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya Redis) inafaa, la sivyo sava mbili zinasoma tokeni moja iliyobaki na zote zinaipitisha. Na Redis ikizima? Unafungua mlango au unafunga? Kwa kurasa za kawaida nafungua, kwa kulogini nafunga. Tena, amua, sema kwanini.

Nimerudia na hashi ya duara, ile ya 1997, njia ya kugawa funguo za data kwa sava nyingi. Ukigawa funguo kwa kubaki baada ya kugawanya kwa idadi ya sava, ukitoka sava 10 kwenda 11 karibu 91% ya funguo zinahama nyumba, kashe yote inakuwa baridi kwa mpigo na databesi inapokea kila kitu. Kwa duara zinahama kama 9%. Paper ya Dynamo (databesi ya Amazon) ya 2007 inaonyesha jinsi ya kuipa kila mashine sehemu nyingi ndogo kwenye duara ili mzigo ulingane, naishauri kwa yeyote, inasomeka, na ina ujasiri wa kusema wameacha nini ili wapate nini.

Jumamosi

Ule wa tabia na uzoefu. Mainjinia tunaudharau huu, tunausoma usiku wa mwisho, na kwa senia ndo mara nyingi unaoamua leveli. Senia ni L5 kwa Google, E5 kwa Meta, L6 kwa Amazon, na mtu anaweza kupita kodi zote akapewa ofa ya leveli ya chini kwa sababu hadithi zake zote ni za kazi aliyopewa na mtu mwingine.

Nimeandika hadithi chache tu, kila moja inajibu maswali kadhaa: mgongano na mtu, mradi uliokuwa na utata, kitu kilichoharibika prodakshoni, mtu niliyemkuza, uamuzi niliopinga alafu nikautekeleza. Mpangilio ule wa hali, jukumu, hatua, matokeo uko sawa ila watu wanakaa kwenye hali dakika tatu. Hali ni sentensi mbili. Nimejirekodi nikisimulia ile ya kuhamisha kazi za usiku kutoka mashine moja kwenda kwenye foleni, na rekodi ya kwanza ilikuwa yote "timu iliamua, timu ikajenga", ukisikiliza hujui mie nilikuwepo kufanya nini. Nikaisimulia upya: timu ya pili ilikataa kubadilisha fomati ya data, nikakaa na kiongozi wao, nikagundua hofu yao ni ripoti ya mwisho wa mwezi, nikapendekeza tuendeshe njia zote mbili kwa pamoja mwezi mzima na mie ndo nilinganishe matokeo kila asubuhi. Hapo kuna mtu. Kazi iliyokuwa inakula usiku kucha ikawa inaisha kabla ya saa moja, na wao ndo wakaomba njia ya zamani izimwe.

Msaili atachimba: ungefanya nini tofauti? Nani hakukubaliana mpaka mwisho? Kwahiyo kila hadithi lazima iwe ya kweli mpaka chini, ya kutunga inaisha kwenye swali la pili.

Alhamisi

Usaili wa kwanza wa kodi umefanyika. Swali la grafu, kazi zinazotegemeana, zipangwe kwa mpangilio unaowezekana na useme kama haiwezekani. Nikahesabu kila kazi inasubiri ngapi, zisizosubiri kitu zinaingia foleni, ukitoa moja unapunguza kwa zinazoitegemea, mwisho kama ulizotoa ni chache kuliko zote basi kuna mzunguko. Dakika zilibaki, akauliza kama kazi zinaweza kwenda kwa pamoja kwa wafanyakazi wengi, tukaongea hapo mpaka muda ukaisha. Nimesema kwa sauti kupita kiasi labda, ila bora hivyo.

Ijumaa

Rikruta kaandika: nimepita. Raundi kubwa imegawanywa siku mbili, kodi mbili, usanifu mbili, na mmoja na meneja. Nimemuuliza leveli wanayonisaili nayo ni ipi, akathibitisha senia, na kwamba kwa leveli hiyo usanifu ndo unabeba uzito mkubwa, kwahiyo kodi naishusha iwe swali moja kwa siku ili mkono usipoe, muda wote uliobaki unaenda kwenye kuchora na kuongea.

Vilivyobaki: usanifu wa fidi (mtiririko wa posti) ya mitandao ya kijamii, hasa swali la mtu mwenye wafuasi milioni, ambaye ukimwandikia kila mfuasi wakati anaposti unajaza foleni na ukimsomea wakati wa kufungua unachelewesha kila mtu, kwahiyo mchanganyiko, na nitamke mpaka wapi mtu anahesabiwa maarufu. Vitambulisho vya Snowflake (mtindo wa Twitter wa kutengeneza namba za kipekee), biti 41 za muda, 10 za mashine, 12 za mfuatano, yaani 4,096 kwa milisekunde kwa kila mashine, na nini kinatokea saa ya mashine ikirudi nyuma. Maswali yangu kwa meneja, mawili ya maana: nani anaamua mradi ufe, na mara ya mwisho walipokuwa na hitilafu kubwa nani aliandika ripoti na nini kilibadilika. Jamaa yangu kakubali kunibana tena Jumapili, nimemwomba achague swali lolote isipokuwa notifikesheni.